Kabla Hujataja Nchi: Hotuba kwa Wanafunzi Wanaotaka Kusoma Nje

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wa chuo kikuu, Morogoro

Ndugu Mlezi wa Wanafunzi, wahadhiri wenzangu, viongozi wa serikali ya wanafunzi, na ninyi mliojaza ukumbi hadi wengine mmekalia ngazi: Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Ambao sijawafikia, habari za mchana.

Ratiba inasema baada yangu kuna chai na maandazi. Namjua mpinzani wangu, kwa hiyo sitazunguka.

Mwanafunzi akibisha hodi ofisini kwangu kuzungumzia masomo ya nje, neno la kwanza huwa ni jina la nchi. "Shikamoo, Mwalimu. Nataka kwenda Kanada." Namwitikia, namkaribisha kiti, namuuliza anakwenda kusoma nini. "Chochote kitakachopatikana, Mwalimu." Chuo kipi? Chini ya profesa gani? Kuna nini kule ambacho hapa Morogoro hukipati? Hapo anaanza kuangalia viatu vyake. Si mvivu huyu, wala si mjinga. Mara nyingi matokeo yake ni mazuri kuliko yangu nilipokuwa na umri wake. Shida ni kwamba ameanzia mwisho wa safari. Anayetoa ufadhili hatoi fedha ili mtu akaione Kanada. Anamlipia mtu mwenye jambo analolitafuta, na jambo hilo ama analiona katika kila karatasi iliyotumwa kwake, ama halioni. Nimekuja na hilo moja tu. Mengine yote nitakayosema yanatoka humo.

Watu wetu wameanza kutoka zamani. Mwalimu Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949 akarudi 1952 na MA, ambayo kule Scotland, kwa taarifa yenu, ni shahada ya kwanza. Majina na alama za shahada hazifanani duniani, na tukifika kwenye GPA, yaani wastani wa alama zenu, mtaona kwa nini nimelitaja hilo. Kisha Septemba 1959 ndege ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda Marekani. Ilikuwa kazi ya Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, aliyekuwa amezunguka Marekani kuchangisha fedha na kuomba nafasi vyuoni, maana serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kuwasomesha Waafrika. Mwaka uliofuata taasisi ya familia ya Kennedy ikatoa dola 100,000, safari zikaendelea.

Katika msafara wa 1960 alikuwemo binti kutoka Nyeri ambaye dunia baadaye ilimjua kwa jina la Wangari Maathai. Wengi mnamkumbuka kwa miti na kwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Mimi nataka mtazame njia aliyopita. Alisoma baiolojia katika chuo kidogo cha masista huko Atchison, Kansas, mji ambao naamini hakuna hata mmoja wenu anayeuota usiku. Akafanya shahada ya uzamili Pittsburgh. Akarudi Nairobi kufanya kazi kwenye anatomia ya mifugo, na kazi hiyo ndiyo iliyompeleka Ujerumani, Giessen na Munich, kwa utafiti. Shahada yake ya uzamivu aliipata Nairobi, mwaka 1971. Kansas, Pittsburgh, Giessen, Munich, Nairobi: ukiitazama orodha hiyo kama orodha ya nchi haina kichwa wala miguu. Ukiitazama kama safari ya mtu anayefuata baiolojia, kila kituo kina sababu yake.

Sasa tuje kwenu. Wengi mnaamini masomo ya nje ni habari ya waliokwisha vaa joho. Mlio mwaka wa pili, hapa ndipo pa kutega sikio. Vyuo vyetu vina makubaliano na vyuo vya nje ya kubadilishana wanafunzi kwa muhula mmoja au miwili. Mpango wa Umoja wa Ulaya, Erasmus+, una fungu la namna hiyo: mwanafunzi anabaki kuwa wa chuo chake, anasoma muhula kwa wenyeji bila kulipa ada kule, anapewa nauli na posho ya kujikimu, kisha anarudi na alama zake. Tangazo hubandikwa na ofisi ya uhusiano wa kimataifa, mara nyingi kwa muda mfupi, na mara nyingi idara zinazohusika ni chache. Nimewahi kuona nafasi ikikosa mwombaji. Tangazo lilikuwa pale pale ubaoni, pembeni ya orodha ya wanaorudia mitihani, wenye sapu, ambayo ilisomwa na kila mtu.

Kwenye hili kuna karatasi moja msiyopaswa kuipuuza: mkataba wa masomo. Unaandika masomo utakayosoma kule na masomo yapi ya hapa yatafidiwa, na unasainiwa na watatu: wewe, chuo chako na chuo cha wenyeji. Usainiwe kabla hujapanda ndege. Mtu akiondoka kwa maneno ya mdomo ya "tutaelewana ukirudi", anarudi na alama nzuri na idara inamwambia masomo yale hayamo kwenye programu yake. Anarudia muhula. Mkuu wa idara mkarimu aliyemwahidi ameshahamia chuo kingine.

Baada ya shahada ya kwanza milango inaongezeka, ila kila mmoja una kizingiti chake. Chevening ya Uingereza, inayolipia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, inataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, ambao ni kama miaka miwili, na ukimaliza unatakiwa kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, kwa kozi zinazohusu maendeleo nao unataka miaka miwili ya kazi, na shahada yako isiwe imepitisha miaka sita. Maana yake hizo mbili si za mtu anayemaliza Julai na kutaka kuondoka Septemba. Wewe wa namna hiyo tazama Erasmus Mundus. Ni shahada za uzamili zinazoendeshwa kwa pamoja na vyuo vya nchi mbalimbali, unasoma katika nchi mbili au zaidi, posho ni euro 1,400 kwa mwezi, na programu nyingi zinapokea aliye mwaka wa mwisho. Japani, kupitia wizara yake ya elimu, MEXT, inamtaka mwombaji wa utafiti aandike mpango wa utafiti, na akivuka mchujo wa ubalozi atafute profesa atakayekubali kumpokea. Huyo wa "chochote kitakachopatikana" anaanguka hapo hapo. China ina nafasi nyingi, ila soma vizuri lugha ya kufundishia. Kozi ikiwa ya Kichina, kwa kawaida unatanguliza mwaka mzima wa kujifunza lugha. Uturuki hupokea maombi kuanzia Januari 10 hadi Februari 20. Jumuiya ya Madola ina ufadhili wa pamoja na vyuo vya Uingereza unaowalenga wasioweza kujilipia.

Wapo wanaosoma sayansi wasiojua kwamba vyuo vingi vya Marekani vinamchukua mtu mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye uzamivu, na maabara ya profesa inamlipia ada na posho kwa kazi ya utafiti au ya kufundisha. Hapo tena unatafuta mtu na swali lake kabla ya mji. Lakini niseme na upande wa pili. Tamko la Rais wa Marekani la Desemba 2025 liliiingiza Tanzania katika nchi zilizowekewa vizuizi vya viza, na viza za wanafunzi zimo. Kabla hujalipa ada ya maombi ya chuo chochote cha kule, soma tovuti ya ubalozi wao siku hiyo hiyo. Usisome ujumbe uliosambazwa kwenye kundi la WhatsApp.

Na habari zilizochacha ni ugonjwa wetu. Bado nasikia "Norway ni bure". Norway ilianza kuwatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya mwaka 2023. Finland ilianza 2017, Sweden 2011, Denmark 2006. Ujerumani vyuo vingi vya umma bado havitozi ada, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg linalodai euro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kimeanza kuwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Halafu kuna fedha ya kuonyesha. Anayekwenda Ujerumani kwa fedha zake anatakiwa kuweka kwenye akaunti maalumu iliyofungwa kiasi cha matumizi ya mwaka mzima, na kiwango kilichowekwa mwaka 2024 ni euro 11,904. Unaruhusiwa kutoa 992 kwa mwezi, basi. Kwa hiyo anayekwambia Ujerumani ni bure amekuambia habari ya ada, amekuficha habari ya ugali. Mwenye barua ya ufadhili kamili anaiwasilisha hiyo barua badala ya akaunti.

Nataka tukae kidogo kwenye namba, maana hapa watu wanajichongea wenyewe. GPA yetu ni kati ya 5. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7, na kufaulu ni 2.0. Fomu nyingi za nje zina kisanduku cha kati ya 4. Mwanafunzi mwenye 3.8 anaandika 3.8, anabonyeza tuma. Anayesoma upande wa pili anaona mtu aliyekaribia kileleni, anafungua transkripti, anakuta picha nyingine kabisa, na kuanzia hapo hakuamini tena. Kisanduku kikiruhusu, andika 3.8 kati ya 5.0. Kisiporuhusu, eleza kwenye sehemu ya maelezo, na ambatisha ukurasa wa nyuma wa transkripti wenye ufafanuzi wa madaraja.

Wajerumani wao wamegeuza kila kitu: 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya kufaulu kwa taabu. Wana kanuni ya kubadilisha, chukueni kalamu. Toa GPA yako kwenye alama ya juu kabisa. Jibu ligawe kwa tofauti ya alama ya juu kabisa na alama ya chini ya kufaulu. Zidisha kwa 3, jumlisha 1. Mwenye 3.8: tano toa 3.8 ni 1.2, tano toa mbili ni 3, 1.2 gawanya kwa 3 ni 0.4, mara tatu ni 1.2, jumlisha moja, 2.2. Sasa mwenye 3.5 kamili: 1.5 gawanya kwa 3, mara 3, jumlisha 1, anapata 2.5. Na 2.5 ndiyo mstari ambao programu nyingi za uzamili za Ujerumani zimeuchora. Yaani mpaka wa daraja la pili la juu la hapa unaangukia juu ya mstari wao. Mwenye 3.4 anabaki nje kwa tofauti ambayo angeiziba mwaka wa kwanza kwa somo moja alilolifanya kwa madesa ya usiku mmoja.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niombe mje wa mwaka wa pili, si wa tatu peke yao. Maombi mengi ya Erasmus Mundus yanafungwa kati ya Desemba na Januari. Chevening hufunguliwa Agosti. Masomo yanaanza Septemba ya mwaka unaofuata. Ukiwa kwenye shahada ya miaka mitatu na ukaomba Desemba ya mwaka wa mwisho, matokeo yaliyomo kwenye karatasi yako ni ya miaka miwili tu. Ile ahadi ya "nitakomaa mwaka wa tatu" haionekani popote. Msomaji wa maombi hana njia ya kuiona.

Nije kwenye barua za mapendekezo, ambazo mimi nazijua kutoka upande wa anayeziandika. Mwanafunzi ananitumia ujumbe saa tano usiku: Mwalimu, naomba barua, mwisho ni kesho. Simkumbuki sura. Nafungua matokeo, naona alipata B katika somo langu la watu mia tatu. Niandike nini? Naandika kwamba ni mchapakazi, ana nidhamu, anashirikiana na wenzake. Barua kama hiyo haimdhuru mtu wala haimsaidii. Anayeisoma ameshasoma mia kama hiyo tangu asubuhi.

Sasa nisikilizeni habari ya nyingine niliyoiandika. Mwanafunzi wetu mmoja alikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, bonde la Kilombero, kazi yao ni kuchukua sampuli za udongo mashambani na kuzipima. Mfuko mmoja ulipasuka kwenye gari, udongo ukachanganyika na wa mfuko mwingine. Wenzake wakasema jaza tu wastani wa jirani zake, nani atajua. Akaandika kwenye jedwali: haikupimwa, mfuko ulipasuka. Ripoti yake ikawa na pengo, na kwenye uwasilishaji akaulizwa kuhusu pengo hilo, akalieleza bila kutetereka. Hiyo ndiyo barua niliyoiandika, ukurasa mmoja, kuhusu pengo hilo. Sikuhitaji kusema kwamba ni mwaminifu. Alipata nafasi, na kwenye usaili, aliniambia, swali la kwanza lilikuwa la ule mfuko.

Kwa hiyo mhadhiri atakayekuandikia barua mwaka 2028 lazima awe amekuona ukifanya kitu mwaka 2026. Uliza swali baada ya kipindi. Omba kusaidia kwenye utafiti wake, hata kama kazi yenyewe ni kuosha chupa za maabara. Ukimwomba barua, mpe wiki tatu, mpe tangazo la programu, mpe wasifu wako, na umkumbushe ulifanya nini mbele ya macho yake. Usione aibu kumkumbusha; anafundisha watu elfu moja kwa mwaka.

Barua yako mwenyewe ya kueleza nia ni habari nyingine. Siku hizi nikiletewa ya kusahihisha, aya ya kwanza najua imetoka wapi. Imenyooka mno, na mwandishi wake amekuwa na shauku tangu utotoni. Programu za akili mnemba zimewafanya waombaji wa Morogoro, Lagos na Dhaka waandike barua moja. Itumie kusahihisha sarufi ukitaka. Lakini kile unachokitafuta lazima kitoke kwako. Msomaji anataka aone ulikwama wapi kwenye kazi yako ya hapa, na kwa nini kozi hii, yenye masomo haya matatu unayoyataja kwa majina, itakukwamua. Ukisema chuo chao ni maarufu duniani umewaambia wanachokijua.

Kuna mlango wa karibu mnaoudharau. Umoja wa Afrika una chuo chake kikuu, kilichoanzishwa mwaka 2011, na taasisi yake ya sayansi na teknolojia iko Juja, nje kidogo ya Nairobi, katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Basi linafika. Wanafadhili uzamili na uzamivu, na darasani unakaa na mtu wa Kamerun kulia na wa Malawi kushoto. Kigali kuna tawi la Carnegie Mellon la Marekani, na kuna AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati. Unguja, tangu 2023, kuna IIT Madras, kampasi ya kwanza nje ya India ya IIT, vyuo vya teknolojia vya nchi hiyo. Ni mwendo wa boti wa saa mbili kutoka Dar es Salaam, na watu wanahangaika na viza ya India. DAAD hiyo hiyo ya Wajerumani ina ufadhili wa kusomea Afrika hii hii. Ninyi mkisikia Juja mnakunja uso kwa sababu hakuna theluji ya kupigia picha.

Jambo jingine mlilo nalo bila kulipia ni Kiswahili. Vyuo vingi vya Marekani vinakifundisha, na mpango wa Fulbright una nafasi za wasaidizi wa kufundisha lugha ambao wanakaa chuoni mwaka mmoja wa masomo, wanafundisha na kusoma kozi kadhaa. Ulaya kinafundishwa Leipzig, Bayreuth, Naples, Paris na London. Asia, kiko Beijing na Osaka. Mliosoma isimu na ualimu msifikiri hotuba hii ni ya watu wa udongo na mifugo. Vizuizi vya viza vya Marekani nilivyovitaja vinawagusa na ninyi, lakini orodha ya vyuo ni ndefu kuliko Marekani.

Fedha za kabla ya fedha. Hata ufadhili unaolipa kila kitu haujakulipa bado unapoomba. Pasipoti ni shilingi 150,000. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na jina lifanane na la vyeti vya Baraza la Mitihani, NECTA, herufi kwa herufi. Aliye Mohamed huku na Mohammed kule aanze kushughulikia leo. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS unaizidi pasipoti kwa mbali, na matokeo yake yanadumu miaka miwili, kwa hiyo usiufanye mapema kwa kujifurahisha. Vyuo kadhaa vya Ulaya vinakubali barua ya msajili inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza, na barua hiyo mnaipata jengo la pili kutoka hapa. Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita anapimwa kifua kikuu kwenye kituo kilichoidhinishwa. Bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, likitoka, tenga kidogo kila muhula. Najua mnacheka. Tengeni hivyo hivyo.

Na hapa kuna mtu anawasubiri. Ana ofisi ghorofani, picha ya ndege ukutani, na maneno "ufadhili wa uhakika". Anataka ada ya usajili, halafu ada ya kushughulikia, halafu ada ya kuharakisha. Chevening, DAAD, Erasmus Mundus na ufadhili wa Serikali ya Uturuki havitozi senti kuomba. Anayekuuzia fomu zake anakuuzia hewa. Wapo mawakala halali wanaotambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na kazi yao ni kukutafutia nafasi ya chuo unachojilipia, hawagawi ufadhili. Mdogo wako anayetaka kwenda kusoma shahada ya kwanza nje, mwambie apite TCU kupata barua ya kutokuwa na pingamizi kabla mzazi hajatuma fedha. Chuo kisichotambuliwa kitamrudisha nyumbani na cheti ambacho TCU haitakitambua na mwajiri wa serikali hatakigusa. Kwa wanaokwenda kusomea udaktari, baada ya TCU kuna Baraza la Madaktari Tanganyika na mitihani yake.

Nilitenga muda wa maswali. Haya, wewe mwenye shati la kijani.

Anauliza ana GPA ya 3.1, akate tamaa? Tupige ile kanuni: 1.9 gawanya kwa 3, mara 3, jumlisha 1, unapata 2.9. Kwa programu nyingi za ushindani hiyo haitoshi, na sitakudanganya. Njia yako ni ndefu zaidi. Fanya kazi miaka miwili mitatu katika jambo lile lile unalotaka kulisomea, soma uzamili hapa nyumbani au jirani, andika tasnifu ambayo mtu anaweza kuisoma, kisha omba uzamivu. Huko wanaangalia shahada ya mwisho na utafiti wako kuliko mitihani ya mwaka wa kwanza. Ila ukiwa bado mwaka wa pili, dada yangu hapo mbele, wewe una mihula ya kutosha kuipandisha.

Huyu wa nyuma anauliza kama anaweza kwenda na mwenzi wake. Inategemea nchi na ngazi. Uingereza, tangu Januari 2024, mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa darasani kwa kawaida haruhusiwi kuleta mwenzi wala watoto. Wa uzamivu anaruhusiwa. Zungumzeni nyumbani kabla ya kuomba, si baada ya kupata.

La mwisho, kuhusu mkopo. Ndiyo, deni la Bodi ya Mikopo linabaki lako ukiwa Leipzig kama ukiwa Kihonda hapa Morogoro. Anayeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Wewe utakayekuwa unaishi kwa posho ya masomo, nenda ofisini kwao kabla ya safari, waeleze unakwenda wapi na kwa muda gani, na mpatane kwa maandishi namna ya kulipa. Ukirudi, peleka cheti chako TCU kikatambuliwe mapema, maana tangazo la ajira likitoka halitakusubiri.

Wanaotaka barua yangu kwa maombi ya Desemba waniletee nyaraka kabla ya mwisho wa Oktoba, Jumatano, saa nane hadi saa kumi. Mkija, neno la kwanza liwe swali mnalolitafuta. Chai iko tayari, asanteni.